Hukumu za Barazani Baada ya Sinema

Walioandika habari za sinema katika pwani yetu wamezoea kuanza na majumba na wenye majumba, wala hawana makosa, kwani jumba ndilo linaloonekana na mwenye jumba ndiye aachaye nyaraka. Lakini yule aliyetoa senti zake mlangoni, akakaa gizani muda wa saa tatu, kisha akatoka na kukesha barazani akibishana na sahibu zake juu ya aliyoyaona, huyo hakuacha waraka wowote, na kwa hivyo sehemu kubwa ya tarehe ya sinema, nayo ndiyo iliyo tamu kupita zote, imebaki vifuani mwa wazee. Nami nashikilia kwamba katika Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam picha haikuhesabiwa kuwa imetazamwa mpaka iwe imezungumzwa, na kwamba watu walirudi kuitazama mara ya pili na ya tatu, si kwa kuwa wamesahau mwisho wake, bali kwa kutafuta hoja.

Majumba tuyataje kwa ufupi. Katika Unguja, tajiri Hassanali Adamjee Jariwalla alijenga jumba la Royal pale Vuga, likafunguliwa mwaka 1921, kwa ramani ya J. H. Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora Beit el-Amani. Jumba hilo likateketea kwa moto mwaka 1954, na mwaka uliofuata pakasimama Majestic mahali pake. Mjini humo humo palikuwapo Empire na Sultana. Dar es Salaam ilikuwa na Empire yake, na Avalon, na Odeon, na Empress. Tanga ilikuwa na Majestic na Novelty. Na Mombasa ilikuwa na Regal, na Naaz, na Majestic ya kwake. Aghalabu wenye majumba hayo walikuwa watu wenye asili ya Bara Hindi, nao walijua vema kwamba wateja wao hawakuwa Wahindi peke yao, bali Waswahili, Waarabu, Wangazija na kila kabila lililokuwa likiishi mitaani, wakikaa chini ya dari moja japokuwa si wote kwa tiketi ya bei moja.

Serikali ya Kiingereza nayo ilikuwa na sinema zake, ila za namna nyingine. Baina ya miaka 1935 na 1937 palifanywa majaribio makubwa pale Vugiri, katika milima ya Usambara, ambapo picha zipatazo 35 zilitengenezwa kwa kuwafunza Waafrika kilimo, afya na uwekaji wa fedha, zikachukuliwa kwa gari kuzunguka nchi, na maelezo yake yakasikizwa kwa sahani za santuri katika lugha kadha, Kiswahili kikiwa mojawapo. Watu walikwenda kwa wingi kwa sababu zilikuwa za bure na kwa sababu mwanga utembeao juu ya nguo nyeupe ni ajabu popote pale. Walakini picha ambayo imekwisha kutoa hukumu yake kabla mtazamaji hajaketi, ikamwonyesha mwema na mpumbavu ni yupi na kumtaka aige tu, haimwachii nafasi ya kusema neno. Tofauti na hizo ilikuwa Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, iliyochezwa kwa Kiswahili, na ndani yake alikuwamo Rashidi Kawawa, kijana ambaye miaka 10 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hiyo watu waliipenda kwa kuwa ilikuwa kisa cha mtu kama wao, na kisa cha mtu kina mambo ya kuulizana.

Lakini picha zilizotawala baraza zilikuwa za Misri kidogo na za Bara Hindi sana. Za Misri zilikuja na sauti ambazo pwani ilikwisha kuzijua kwa sahani za santuri: Umm Kulthum, aliyecheza katika picha sita baina ya mwaka 1936 na 1947, na Mohammed Abdel Wahab, na mtu wa taarabu aliyekuwa akimsikia tu kwa masikio alipata sasa kumwona mwimbaji akisimama, akashika leso, akatulia kabla ya kuingia katika ubeti. Kwa hakika njia hii ilikuwa imekwisha kufunguliwa kutoka upande wa pili, maana Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani, na bahari iliyomchukua yeye ndiyo iliyoleta picha.

Mushkili mmoja ulikuwa lugha. Picha ya Kihindi ilikuja bila ya tafsiri ya Kiswahili, na wengi waliokuwa ukumbini hawakuijua lugha ile, ila maneno machache ya mapenzi na ya matusi waliyoyaokota katika nyimbo au kwa jirani. Mtu angedhani kwamba jambo hili lingewafukuza watazamaji. Kumbe ndilo lililowafanya wawe wanazuoni wa picha. Kwa kuwa maneno hayakufahamika yote, kila mmoja alilazimika kusoma macho, mkono uliotetemeka, mlango uliofungwa kwa kishindo, na mwendo wa wimbo; na alipotoka nje alikuwa na tafsiri yake, mwenziwe ana nyingine, na wa tatu, ambaye labda alikua pamoja na watoto wa Kihindi akajua lugha yao, alikuwa na daraja ya mfasiri, akiulizwa kama aulizwavyo mtu wa ilimu: je, yule mama alisema nini alipoufunga mlango? Na hata huyo hakuaminiwa moja kwa moja, bali aliambatana na wenziwe kwenda kuitazama tena ili ushahidi wake uhakikishwe.

Katika picha zote hizo hakuna iliyotia watu katika mjadala kama Awara, ambayo Raj Kapoor aliitoa mwaka 1951 kwa hadithi ya Khwaja Ahmad Abbas. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wengi wa zamani wa Unguja na wa bara, amewakuta watu ambao baada ya nusu karne waliweza bado kuisimulia. Kisa chenyewe ni hiki. Jaji Raghunath anamhukumu Jagga kwa ubakaji pasina ushahidi wa kutosha, kwa kushika itikadi kwamba mwana wa mwizi ni mwizi na mwana wa mtu mwema ni mtu mwema. Jagga, kwa kisasi, anamteka mke wa jaji, kisha anamwachia huru ajuapo kwamba ni mja mzito. Na jaji, kwa kusikiliza maneno ya watu, anamfukuza mkewe nyumbani. Mtoto, Raj, anazaliwa njiani, anakulia katika ufukara wa Bombay, na Jagga yule yule anamfunza wizi. Anapokuwa mtu mzima anamuua Jagga katika kujihami, kisha anamwendea jaji kwa kisu, na mbele ya mahakama anatetewa na Rita, mwanamke aliyelelewa na jaji huyo huyo, ambaye kwa suali moja baada ya jingine anambana mlezi wake mpaka ukweli wa nasaba unadhihiri.

Watu wa pwani hawakuhitaji kufasiriwa mas'ala hii, kwani pande zake zote mbili zilikuwa zimelala katika methali zao tangu kale. Mtoto wa nyoka ni nyoka, asema mmoja, na huyo amesimama na jaji; mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ajibu mwingine, na huyo amesimama na Rita. Hapo hapo angezuka wa tatu na kusema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akazua suala gumu zaidi, maana Raj alifunzwa na mama yake, tena mama mpole mwenye kujinyima ili mwana asome, na bado ulimwengu ukamchukua. Basi ni nini kilichoshinda, damu, malezi au njaa? Na mwenye elimu ya dini angeweza kuitupa damu kando kabisa na kuuliza juu ya mke: jaji alikuwa na mashahidi gani, yeye ambaye kazi yake ni kudai mashahidi, hata akamtoa mwanamke nyumbani kwa uvumi wa mitaani? Katika miji ambayo heshima ya mke na jina la nyumba ni mambo yanayopimwa kila siku, suali hili halikuwa la Bombay. Lilikuwa la mtaa wa pili.

Ndiyo maana nasema kwamba waliorudi kuitazama Awara hawakurudi kwa upuzi. Aliyeshindwa barazani usiku wa leo alirudi kesho kwenda kuangalia kama kweli jaji alisitasita kabla ya kumfukuza mkewe, kwa sababu ikiwa alisitasita, basi taksiri yake ni ya mtu dhaifu, na ikiwa hakusitasita, ni ya mtu dhalimu. Tena kurudia kitu kizuri ni ada yetu tangu zamani kabla ya sinema. Maulidi ya Barzanji husomwa kila mwaka mbele ya watu wanaoyajua kwa moyo, wala hapana anayeondoka kwa kusema kwamba nimekwisha yasikia; hadithi za usiku wa Ramadhani husimuliwa na bibi yule yule kwa wajukuu wale wale, na mjukuu ndiye wa kwanza kumsahihisha anaporuka neno. Watu waliolelewa katika masikizi ya namna hii waliiingia sinema wakiwa wamekwisha kujua kwamba mara ya kwanza ni ya kupokea na mara ya pili ndiyo ya kuonja.

Usimulizi ulikuwa na adabu zake. Yule aliyebahatika kupata tiketi siku ya kwanza, ambayo katika Jumapili ya picha kubwa haikuwa kazi ndogo kwa kuwa walanguzi walikwisha kuzinunua na kuziuza kwa bei maradufu, alikuwa na haki ya kusimulia na pia wajibu wa kusimulia. Hakuruhusiwa kukimbilia mwisho. Alitakiwa aanze na majina, aseme nani ni stelingi na nani ni adui, aeleze nguo, aige sauti, aimbe walau mstari wa kwanza wa kila wimbo mahali pake, na anapofika penye kilio atulie. Wasiokuwa na senti, na watoto waliokatazwa na wazazi, walizijua picha nyingi kwa njia hii tu, nao waliweza kubishana juu yake sawasawa na walioziona. Na mara nyingi, walipokuja kuziona wenyewe baada ya miezi au miaka, waliikosoa picha kwa kupungukiwa na uzuri wa msimulizi.

Hata ufundi wa maonyesho ulisaidia mazungumzo. Picha ya urefu wa Awara huchukua takriban kilometa 5 za ukanda, ukiwa umekunjwa katika mikebe mingi, na nakala aghalabu ilikuwa moja. Kwa hivyo katika mji wa Unguja majumba mawili yalipotaka kuonyesha picha moja usiku mmoja, jumba la pili lilianza nyuma kidogo, na vijana wa baiskeli wakawa wanakimbiza mikebe kutoka huku kwenda kule kila mmoja ulipomalizika. Kijana akichelewa, ama kwa pancha ama kwa umati njiani, taa ziliwashwa na watu wakakaa katikati ya kisa, pengine pale pale adui aliponyanyua bunduki. Na muda huo, pamoja na ule wa mapumziko ya kununua njugu na soda, ulikuwa ni baraza ndani ya ukumbi, watu wageni kwa wageni wakigeukiana na kutabiri yatakayokuja.

Wanawake walikuwa na baraza lao, na sioni insafu kulitaja kwa pembeni kama wafanyavyo wengine. Palikuwapo maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, ambayo waliyaendea kwa makundi, mabuibui yamejaa njia nzima. Na walipotoka, mjadala uliendelea uani, katika kusuka ukili na katika kupakana hina, kwa siku nyingi zaidi kuliko ule wa wanaume, kwani hapakuwa na kazi ya mikono iliyozuia ulimi. Picha iliyowapasa hao kutoa rai ilikuwa Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Nargis, yule yule aliyekuwa wakili katika Awara, humo ni Radha, mama aliyeachwa na mume, akalima mwenyewe matopeni akiwa na deni la mkopeshaji Sukhilala shingoni. Mwanawe Birju anakua na hasira ya deni hilo, anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala, na anapomchukua kwa nguvu binti ya marehemu siku ya harusi yake, mama yake mwenyewe anampiga risasi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi mzazi anayemuua mwana kwa ajili ya heshima ya binti wa adui yake, ana moyo wa namna gani? Mimi naona kwamba Radha alitenda haki na kwamba haki yake haibebeki, na nadhani wengi waliolia ukumbini walikuwa wakilia kwa kuyaona mambo hayo mawili kwa pamoja.

Katika Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960, mizani iligeuzwa: hapa ni baba, Akbar mfalme, aliyesimama na dola dhidi ya mwanawe Salim na kijakazi Anarkali. Kwa vijana waliokuwa wakichaguliwa wake na waume na wazee wao, Dilip Kumar na Madhubala walikuwa mawakili wao. Wazee nao walimwona mfalme aliyekuwa na ahadi kwa mama wa Anarkali, akaitimiza kwa siri kwa kumwacha binti aondoke hai, huku mwana akiamini kwamba amekufa. Je, huo ni ukarimu au ni ukatili uliovikwa joho? Sehemu ya picha hiyo ilikuwa ya rangi na sehemu kubwa haikuwa, na walikuwapo waliorudi kwa ajili ya wimbo ule wa jumba la vioo peke yake.

Nyimbo zenyewe zilitoka ukumbini zikaingia katika taarabu. Huko Mombasa, Juma Bhalo alijipatia sifa kubwa kwa kuchukua mahadhi ya picha za Kihindi na kuyatia mashairi ya Kiswahili, mengine yakiwa ya jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir. Na lazima tufahamu kwamba hiyo haikuwa tafsiri. Shairi lilikuwa na maudhui yake, machungu yake na mafumbo ya watu wa hapa, na msikilizaji aliyeijua picha alisikia vitu viwili kwa mara moja, kisa alichokiona na jibu ambalo malenga wake amekipa. Sijui njia nyingine ya kutoa rai juu ya picha iliyo na adabu kubwa kuliko hiyo.

Baada ya uhuru na mapinduzi mambo yalibadilika kwa haraka. Majumba ya Unguja yalitwaliwa na serikali baada ya mwaka 1964. Tanzania bara ilianzisha Kampuni ya Filamu mwaka 1968, na majumba mengi yakataifishwa mwaka 1971. Lakini mabishano hayakutaifishwa. Kizazi kipya kilikuwa na kanuni moja, kwamba stelingi hafi, na kwa kanuni hiyo kilipima kila kitu. Picha za Bruce Lee ziliwatia katika taabu, hasa Fist of Fury ya mwaka 1972, ambayo mwishowe stelingi anaruka kuelekea mitutu ya bunduki na sura yake inasimama hewani huku milio ikisikika. Wenye kanuni walisema kwamba hakuanguka mbele ya macho yetu, kwa hivyo hakufa, na wenzao wakauliza risasi zile zote zilikwenda wapi. Bruce Lee mwenyewe alipofariki mwaka 1973, walikuwapo waliokataa habari hiyo kwa hoja ile ile.

Kisha ikaja Sholay ya mwaka 1975, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye kurudia. Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, kila penye shaka hurusha sarafu, na mpaka anapokufa ndipo rafiki yake Veeru anapoitazama sarafu ile na kukuta kwamba pande zake mbili ni sawa. Mtazamaji wa mara ya kwanza hupata huzuni tu. Wa mara ya pili hukaa akiihesabu kila sarafu inayorushwa, akijua kwamba kila mara Jai alikuwa amekwisha kuchagua, na mara ya mwisho alichagua kubaki nyuma ili mwenziwe aokoke. Kadhalika Thakur, aliyewaajiri wawili hao: katika vita vya kijijini haokoti bunduki iliyo miguuni pake, mashujaa wake wanamkasirikia na sisi pamoja nao, kisha tunaonyeshwa kwamba jambazi Gabbar Singh alimkata mikono, na anayerudi huiona shali ile mabegani pake kwa macho mengine kabisa. Wenye kanuni ya stelingi hafi waligawanyika makundi mawili, la wanaosema kwamba stelingi ni Veeru kwa kuwa ndiye aliyebaki, na la wanaosema kwamba ni Jai na kanuni imevunjika, na sijasikia kwamba wamekwisha kupatana.

Televisheni ilifika Unguja mwaka 1973, tena ya rangi, na bara ikachelewa hadi mwaka 1994. Baina yake ilikuja video, na majumba yakaanza kupungukiwa na watu, mengine yakageuzwa maduka na maghala. Picha ikahamia sebuleni na katika vibanda umiza, vile vibanda vya mabenchi na mashine moja, ambamo anayetaka kuitazama tena sehemu fulani aliweza kuomba irudishwe nyuma hapo hapo. Na humo msimulizi wa baraza akapata kiti chake: akaitwa mfasiri, akashika kipaza sauti, akasema juu ya sauti za wachezaji, akawapa majina ya mitaani, akamlaumu adui kabla hajatenda na kumwonya stelingi ambaye hamsikii, na watazamaji wakimjibu na kumpinga picha ikiwa inaendelea. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, na Kenya ikamjua DJ Afro, na sauti zao zikatiwa katika kanda na kuuzwa. Ikawa mnunuzi akifika dukani huulizia kwanza imetafsiriwa na nani, ndipo aulize ni picha gani.